Mwanamke Aliyesimama Nje

Dada Aika,

Tulipokwisha kukuzika, Mama alianza kuongea Kiingereza.

Najua ungecheka. Mama yetu, ambaye hata Kiswahili anakiongea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Ambaye sokoni Kiboriloni huuliza bei kwa Kichagga na kumkasirikia muuzaji asiyemjibu. Huyo huyo. Na hakikuwa Kiingereza cha kuokota njiani. Kilikuwa chako.

Ilianza wageni wa msiba walipokwisha kutawanyika. Ilikuwa ule wakati wako wa darasa, alasiri, ukungu umeteremka kutoka mlimani mpaka migomba ya karibu na zizi haionekani. Mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, Mama yuko jikoni anamenya ndizi za mtori. Nikasikia sauti: "A woman is standing outside." Mwanamke fulani amesimama nje. Nilidhani ni redio ya jirani. Nikaingia. Mama hakuinua kichwa, kisu kinakwenda tu. Nikamuuliza, "Mama, umesema nini?" Akanijibu kwa Kichagga kwamba hajasema kitu, nimletee kuni.

Yale maneno siyo yaliyonitisha, dada. Ni alivyoivuta ile "standing", kama ulivyokuwa ukiivuta wewe pale barazani ukitufundisha Kiingereza sisi wapagazi wa mlimani, ukitaka tukufuatishe.

Ndeshi alikuja kutoka Rau akanituliza. "Eli, na wewe! Darasa limekaa barazani miaka yote hiyo, na jikoni ni hapo nyuma ya ukuta. Mama ameyasikia mpaka yamemwingia. Mtu mzima akifiwa na mtoto, kichwa hutoa chochote." Nikaona dada yetu anasema kweli. Hata sisi wanafunzi wako tulikuwa tunakumbuka zaidi ulichosema kuliko ulichoandika ubaoni.

Mimi hasa. Unakumbuka nilivyorudi siku ile nimenuna? Nilikuwa nimemwambia mgeni wangu wa kwanza, getini kabisa pa kupandia mlima, kwa fahari, "I hardly work." Nikidhani namwambia nafanya kazi kwa bidii. Kumbe nimemwambia kazi ni kama sifanyi. Alicheka mpaka akaegemea mti. Nawe ulicheka kumzidi, ukafuta machozi kwa upindo wa khanga, kisha ukaniketisha. Ukasema "hard" hukaa nyuma ya kitenzi na kukisukuma, lakini "hardly" hukaa mbele yake na kukila chote. "Kielezi ni kidogo, Eli, lakini kina meno."

Mama hakuwahi kukosea namna hiyo. Hata mara moja.

Ukungu uliposhuka tena nilikuwa napita mlango wa jikoni na ndoo ya maziwa. Akasema, "The woman is still standing outside."

Nilisimama palepale. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. "A" ni ya mtu ambaye msikilizaji hamjui, ndiyo kwanza anatajwa. "The" ni ya yule ambaye mimi na wewe tunamjua tayari. Yule mwanamke. Mama alikuwa akiniambia mimi, na aliniambia kama mtu anayejua kwamba mimi namjua. Halafu hiyo "still". Ulikuwa ukigonga ubao kwa chaki ukisema sisi "bado" yetu tunaitwisha mizigo miwili, ya kinachoendelea na ya kisichotokea, lakini Kiingereza kimeigawa. "Still" ni ya kinachoendelea. Kitenzi chenyewe hakikuwa kimesogea. Alikuwa amesimama, na bado amesimama. Tangu lini? Kwenye baridi ile?

Nikatoka. Mibuni, migomba, kaburi lako lenye mashada yaliyoanza kuoza. Hapakuwa na mtu. Mbwa alikuwa amekaa akitazama upande wa kaburi, masikio juu, habweki.

Nilimuuliza Upendo, yule mwanafunzi wako anayetaka kuwa mwongoza wageni, kama uliwahi kuwapa sentensi ile. Alikuwa bado anakuja kufagia baraza lako bila kuambiwa na mtu. Akafikiri sana. "Hapana, kaka. Mwalimu mifano yake ilikuwa ya mlimani. Mizigo, mahema, wageni. Mwanamke wa nje hakuwepo." Toka siku hiyo, ukungu ukianza tu kushuka, Upendo anaaga.

Baba Mkubwa akaja na mzee wa kanisa. Wakaimba, wakaomba, Mama akaitika amina vizuri tu. Baadaye Baba Mkubwa akaamua kwamba Mama ahamie Rau kwa Ndeshi na nyumba ifungwe kwa muda. Mama hakubisha. Aliacha kula. Mtori uliganda kwenye bakuli, chai ikapoa, na mashavu yake yakaingia ndani siku baada ya siku. Nikawaza nimepoteza dada, sasa namsindikiza mama.

Asubuhi ya kumhamisha, ukungu ulikuwa umelala juu ya ua wote mpaka mlangoni. Gari lilikuwa barabarani linasubiri. Tulishamvalisha koti, amekaa sebuleni, Ndeshi anafunga begi. Mama akautazama mlango wa mbele, na kwa sauti yako, dada, sauti yako kabisa, akasema, "My daughter is still standing outside."

My. Hakuwa tena mwanamke fulani, wala yule mwanamke. Binti yangu.

Ndeshi alikaa chini sakafuni. Kisha Mama akatugeukia, na sasa ilikuwa sauti yake na Kichagga chake: "Mbona hamkumwingiza?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku ya kukuzika mvua ilikata njia, gari likakwama kwenye tope chini ya kanisa, tukakupandisha mabegani. Kaburi lilikuwa limeanza kujaa maji. Baba Mkubwa akasema usipitishwe ndani kuagwa kama tufanyavyo, tuwahi kaburini moja kwa moja. Mama alikuwa humu sebuleni na wanawake wa jumuiya, karibu na viti vilivyopangwa kupokea jeneza, akikungoja uingie. Walipokuja kumchukua, tayari ulikuwa chini. Tangu hapo hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Nikaufungua mlango wazi. Mama akaenda kizingitini, akaita jina lako zima, Aikaeli, akakwambia uingie, chai ipo.

Nakuandikia nilichokiona. Mbwa aliyekuwa amelala kizingitini aliinuka akasogea pembeni, kama alivyokuwa akikupisha ukirudi kutoka mjini. Ukungu ukaingia mpaka kwenye miguu ya meza. Mama akageuka polepole, macho yake yakifuata kitu toka mlangoni hadi kwenye kiti chako cha karibu na dirisha, yakatulia hapo. Akasema, "She has just come in." Ndiyo kwanza ameingia.

Ndeshi alilia kwa sauti. Mimi nilifunga mlango, kwa sababu Mama aliniambia nifunge. Halafu akaomba mtori, akala bakuli zima, akaongezwa. Gari lilirudi mjini bila yeye. Kiingereza hajakisema tena. Nimemjaribu, nikamwambia "good morning". Aliniangalia kama anayemwangalia mwendawazimu.

Darasa nimelifungua upya barazani. Nafundisha vibaya, Upendo ananisahihisha, lakini wamejaa. Juzi Baba Mkubwa alikuja kutusalimu. Sebuleni kiti kilichokuwa wazi ni chako tu, na hakuna aliyemwambia asikikalie. Alisimama mpaka akaaga.

Nakuahidi mambo mawili, dada. Nikipanda mlimani na wageni, Ndeshi atalala hapa, Mama hataachwa peke yake. Na siku yake ikifika, hata mvua iwe ya namna gani, tutamuaga ndani kwanza, taratibu, na kila mtu amwambie neno lake.

Ninapoandika haya yuko jikoni, anaongea Kichagga kwa sauti ya chini. Kuna mahali ananyamaza, kama mtu anayejibiwa, kisha anaendelea. Simuulizi.

Kwaheri, dada yangu. Pumzika humo humo ulimo.

Mdogo wako,
Eli