Mama Aliniuliza kwa Kinandi

Doonside,
Sydney.
Jumapili, 31 Agosti 2025

Mpendwa ndugu yangu Clifford,

Pokea salamu tele kutoka huku mwisho wa dunia. U mzima? Goti linaendeleaje? Usiniambie "liko poa" kama kawaida yako, maana mara ya mwisho hilo poa lilikulaza kitandani wiki nzima. Sisi wazima kwa uwezo wa Mungu. Baridi imeanza kulegea, Maxwell bado anakoroma na kukana kwamba anakoroma, na binti yetu Cheryl ameng'oka jino la mbele, basi anatembea akimwonyesha kila mtu pengo.

Barua yako niliisoma mezani kwa sauti. Ulivyoieleza hiyo mbuga ya pwani ya Mediterania unakofanyia mazoezi, misonobari iliyoota juu ya majabali na bahari ambayo mtu anaona samaki mpaka chini, Mama alitega sikio hadi chai yake ikapoa. Halafu mwishoni ukauliza kama sisi tunajua chochote cha Australia zaidi ya kazi na treni. Uliniudhi, bwana, kwa sababu ulisema kweli. Jumamosi ya tarehe kumi na sita nikawakokota wote hadi mbuga ya pwani iliyo kusini mwa jiji: treni mbili, kisha feri ndogo kutoka Cronulla hadi Bundeena.

Sasa usidhani pwani nzuri ni yako peke yako. Huku kuna majabali ya rangi ya asali, na mengine meupe pe, upepo umeyachonga yakawa na matundu na ngazi. Juu ya mwamba mmoja wenyeji wa kale walichora nyangumi na samaki, na michoro ipo hadi leo. Vichaka vimeanza kuchanua. Kuna mti ambao maua yake ni kama brashi ya kuoshea chupa. Na nyangumi wa kweli tulimwona! Alirusha maji kule mbali, Cheryl akamwita bibi yake kwa kelele, "Gogo, look! Look!" na Mama akapiga makofi kama yuko harusini.

Njiani Mama alikuta majani fulani manene, akainama, akaanza kuchuma na kujaza leso. Maxwell akamwambia kwa heshima zote kwamba hapa mbugani hata jani halichumwi. Mama akamkazia macho. "Kwani hii mboga ni ya nani, na imejiotea?" Tulicheka mpaka wapita njia wakacheka nasi. Alikuwa yule yule Mama unayemjua.

Clifford, yanayofuata yasome umekaa.

Tulikuwa tumeketi juu ya mwamba tukila chapati. Mama akanigeukia, akanishika mkono wa sweta, akaniuliza kitu kwa Kinandi. Nikadhani ananitania. Wewe unaijua nyumba yetu: marehemu Baba Mkikuyu, Mama Mnandi, na sisi tukalelewa kwa Kiswahili ili pasiwe na wa kununa. Mimi Mama hajawahi kunisemesha Kinandi. Nikamwambia, "Mama, Kiswahili bwana!" Akarudia swali lile lile polepole, kwa adabu, vile mtu anavyomwuliza njia mtu asiyemjua. Nikamtazama machoni. Haki ya Mungu, hakunijua.

Kinandi changu mimi ni salamu, maji na njoo. Nilivisema vyote vitatu kama mjinga. Akazidi kuuliza, sauti ikaanza kutetemeka, na mimi kwa hofu nikajibu, "Ee." Hapo akatulia. Akanishukuru hata, na hiyo asante niliielewa. Mpaka sasa sijui nilimkubalia nini, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Tulipopanda feri akarudi kwenye Kiswahili, akataka kujua mbona Maxwell amenuna.

Na hii ndiyo kazi yangu! Pale Guildford ninapotunza wazee kuna bibi wa Kigiriki aliyekuja nchi hii akiwa msichana. Kiingereza kimemtoka chote, amebaki na lugha ya kwao tu. Tunamwita mjukuu wake aje amwongeleshe, naye anatulia, anakula. Wafanyakazi wapya nawafundisha mimi namna ya kukaa na watu kama yeye. Kwa mama yangu mwenyewe nimeishiwa kabisa.

Tumempeleka kwa daktari. Anasema si uzee tu, ni ugonjwa wa kusahau, na hautarudi nyuma. Viza ya Mama inaisha katikati ya Septemba na haiongezeki. Makaratasi yetu ya ukaazi bado hayajatoka, na wakili amenikataza kabisa kuvuka mpaka. Nimelia, nimeomba, nimepiga simu huku na huku, najikuta pale pale. Shangazi Peninah kule Njoro anasema tumpeleke tu, atampikia uji. Ana roho nzuri, lakini yeye ni Kikuyu kitupu na Kiswahili cha kununulia sukari. Na upande wa Mama hakuna aliyebaki wa kumpokea. Siku atakapoamka na Kinandi peke yake, nani atamjibu?

Ni wewe, ndugu yangu. Ile miaka ya kambi ya mbio pale Iten, ukilala chumba kimoja na Wanandi, ilikupa hiyo lugha, sisi tukikucheka. Najua msimu wa mbio haujaisha. Najua una mkataba. Sina nguvu ya kukuamrisha, na umri huo umeupita. Ninakusihi tu uwe pale uwanja wa ndege Nairobi tarehe kumi na tatu Mama akitua, ukae naye hadi tuone la kufanya. Ikishindikana niambie mapema, ingawa sijui nitafanya nini nikishaambiwa.

Maxwell anakusalimu, anasema Mungu akutie nguvu miguuni. Cheryl anakutumia busu lenye pengo. Nisalimie wenzako wote mnaofanya nao mazoezi.

Mama yuko hapa kando yangu, anakunja nguo za Cheryl, zile zile alizokunja asubuhi. Ameniuliza namwandikia nani. Nikamwambia, "Namwandikia Clifford." Amefurahi. Amesema nikuandikie vizuri, na nikukumbushe usiache kumsalimia mama yako.

Mungu akufunike popote ulipo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokulemea,

Wangari