Neno Nililomfundisha Bwana Shen

Gudele, Juba
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za mkweo Norman, na za mjukuu wako Nuwa, ambaye sasa anatembea na kazi yake ni kuvunja vikombe. Mguu wako unaendeleaje? Bado unauma asubuhi? Sisi tuko wazima, mimi ni uchovu tu. Janepher alifika salama na ile mizizi uliyompa, ya kunisaidia nishike mimba ya pili. Asante, Mama. Nitalirudia hilo.

Hapa kibandani kwangu huja Mchina mmoja wa kazi ya barabara, Bwana Shen. Kila asubuhi anakula chapati huku akiniuliza Kiingereza, maana alisikia shuleni nilifika sinia foo, yaani kidato cha nne. Wiki hii daftari lake lilijaa maneno ya taabu na mabadiliko. Alilalamika kwamba kwao neno moja linabeba yote, ila Waingereza wamelikatakata. Akachukua "undergo," akatunga sentensi, akanionyesha kwa fahari: leo amefanyiwa chapati mbili. Mama, nilicheka mpaka unga ukamwagika.

Nikamweleza kwamba "suffer" ni kuumia. "Go through" ni kupita katikati ya shida mpaka utokee upande wa pili. "Undergo" ni kufanyiwa jambo kubwa, wewe umelala tu, kama operesheni. Akasema haya mwalimu, nipe mfano wa maisha yako.

Nilishika kalamu na mikono yangu ya unga, nikaandika kwamba siku ya kumzaa Nuwa nilifanyiwa operesheni. Akauliza kama sentensi hiyo nimeitoa kitabuni. Nikasema ni yangu. Akaiweka chapati chini.

Mama, nilikuambia nilijifungua vizuri. Haikuwa hivyo. Damu ilikataa kusimama, wakanitoa kizazi. Norman anajua, ndiye aliyetia sahihi. Nimekuficha mwaka na nusu, halafu nikamwambia mgeni kabla yako. Nisamehe. Kwa simu nisingeweza, ungeanza kulia nami ningekata.

Sasa usitume mizizi tena. Na shangazi akiuliza mtoto wa pili, mwambie yupo mmoja, anatosha. Nasema hivi kwa upendo, lakini nimesema.

Bwana Shen aliuliza kama kwenye sentensi yangu anaweza kuweka "go through." Nilimjibu angoje, kwanza nimwandikie mama yangu.

Nisalimie Baba na majirani wote wa Busia. Jibu lako mpe Janepher huyu anayekuletea barua, anarudi huku Ijumaa.

Ni mimi binti yako,
Josline