Kofia Sitini na Tatu

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wale watukutu wawili, na kwamba ule mgongo wako uliokuwa ukikusumbua umetulia. Mimi mwili ni mzima. Presha imeshuka, miguu haivimbi tena, chakula napata na ninakila. Kilichonijaa ni hasira, na sikuona sababu ya kukuficha kwenye salamu, kwa kuwa tumezaliwa tumbo moja na ungeinusa tu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unajua kunikatisha. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni yule mama wa usafi wa wodi yako. Umemsimamisha kazi, na Jumatatu anaitwa mbele ya kamati, ambako kwa maneno yako mwenyewe hana pa kutokea. Miaka kumi na tisa anapiga deki sakafu ile. Ulimkuta ukiwa mwanafunzi, ukawa muuguzi, ukawa mkubwa wa wodi, yeye yupo na ndoo yake. Liweke hilo kichwani wakati unasoma, maana nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Unakumbuka nilivyostaafu masijala. Miaka thelathini na moja ya kugonga mihuri na kufunga mafaili kwa kamba, halafu asubuhi moja mikono haina kazi. Nilikuwa napanga vijiko upya kila siku. Nikagombana na redio. Daktari wa presha ndiye aliyeniambia nitafute kitu cha kushughulisha mikono, na fundi cherehani wa jirani akanipa sindano mbili za kufumia na donge la uzi wa sufu aliokuwa nao bure. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa skafu iliyoanza na upana wa kiganja ikaishia na upana wa mlango, kwa sababu kila mstari nilikuwa naongeza vitanzi bila kujua. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaifumua yote mbele ya macho yangu na kuniambia nianze upya, ila safari hii nihesabu.

Basi kila Jumamosi tukawa watatu barazani kwake: fundi, mimi, na yule mzee aliyekuwa dereva wa malori, ambaye tumempa jina la Breki kwa kuwa kila baada ya vitanzi kumi lazima asimame ahesabu. Ana vidole vya kufungulia nati za magurudumu, na ndiye anayefuma vizuri kutupita wote. Tulikuwa tunataniana, tunafuma, tunafumua, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nikawa naisubiri kesho kwa hamu. Nakwambia haya ujue ni kitu gani ulikichezea.

Maana wazo la kofia halikuwa langu, ni lako. Ulikuja kunitazama, ukanikuta kwenye skafu ya nne, ukasema kuliko kufuma kamba za kufungia mbuzi, heri niwafumie kofia watoto wako wa wodini, wale waliozaliwa kabla ya siku zao, kwa kuwa joto linawatoka kichwani. Nilikuuliza ukubwa. Ukachukua chungwa mezani, ukaniwekea kiganjani, ukasema ndio huo. Ulikuwa unatania? Nimejiuliza sana. Mimi sikutania. Nililipeleka chungwa lile barazani Jumamosi, likapita mkono kwa mkono, na Breki alilizungusha kiganjani kabla ya kusema kuwa hakujua binadamu huanza akiwa mdogo hivyo.

Miezi kumi na moja, mdogo wangu. Kofia sitini na tatu. Kila moja tuliibania kikaratasi kwa pini: kafuma nani, siku ngapi. Nilikuwa nazileta mwenyewe mpaka mapokezi, unatoka na joho lako jeupe, unazipokea kwa mikono miwili, na jioni unanipigia kuniambia watoto wamependeza. Nami nazipeleka habari hizo barazani neno kwa neno. Ukanisimulia na habari za yule mzazi aliyegoma kutoka hospitali mpaka aruhusiwe kuondoka na kofia ya bluu. Ile ya bluu ilikuwa ya Breki. Nilipomwambia, alitoa leso akadai vumbi limemwingia. Mzazi yule hakuwepo. Ulimtunga, na ukamtunga vizuri, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Ungesema asante tu ikatosha.

Jumatano ya wiki tatu zilizopita nilikuja bila kukupa taarifa, nina kofia moja tu mkobani. Ulikuwa kwenye kikao. Mama wa usafi alinikuta nimesimama ukumbini nikiegemea ukuta, akanionea huruma. Akasema haruhusiwi kumwingiza mgeni, lakini dada wa mkubwa si mgeni, akanifungulia stoo niketi kwenye kiti cha mle. Pale, rafu ya chini, nyuma ya mabeseni, niliona katoni. Mwandiko wa juu ulikuwa wako. Vikaratasi vya ndani vilikuwa vya kwetu.

Nilizihesabu nimepiga magoti. Sitini na tatu, pini hazijatolewa.

Nilimuuliza mama yule kuna nini. Alishangaa swali lenyewe. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba wodini haiingii sufu. Sufu hutoa manyoya, na watoto wale wanapumua kwa mipira puani. Tena haichemshiki, ukiichemsha inajikunyata. Kinachoingia ni pamba. Akasema kila mtu wa pale anajua. Kila mtu, mdogo wangu. Mtu wa ndoo na fagio alijua, na mtoto wa mama yako hakujua, ilhali uzi wa pamba umekaa rafu ya juu ya ile ya sufu kwenye duka lile lile ninakonunua. Ilikuwa sentensi moja tu: dada, tumieni pamba. Wazee walisema mficha uchi hazai. Wewe uliona ni heri kunivika kilemba cha ukoka miezi kumi na moja kuliko kunisahihisha kwa dakika moja.

Jumapili yake ukanipigia. Sikukwambia nilichokiona, nilikuwa nangoja uanze wewe. Ukaanza, lakini kwingine. Ukasema wodi imepata balaa: Jumatano mtoto mmoja alikutwa na kofia ya sufu kichwani, manyoya yamenasa kwenye mpira wa pua, akabadilika rangi kabla muuguzi hajamwona. Akahudumiwa, akarudi sawa, daktari akaandika ripoti. Ukasema ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mama wa usafi, kwa hiyo ni yeye. Nikakuuliza kama amekiri. Ukajibu hajakiri wala hajakana, amenyamaza. Nami nikasema pole. Nilishika simu ile nikasema pole, nikaenda kulala.

Sasa nimefika nilikokuwa nazunguka. Kofia ile nilimvika mimi.

Mama wa usafi aliitwa kwenda kufuta maji yaliyomwagika. Mimi nikabaki na katoni, damu inanichemka masikioni. Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Nilinawa mikono, hilo nililifanya, kisha nikaingia na ile kofia ya mkobani. Mtoto wa kwanza karibu na dirisha alikuwa kichwa wazi. Nilimvika. Ilimkaa sawasawa, kipimo cha chungwa hakikudanganya, na kwa muda wa pumzi mbili hivi nilijiona nimekushinda. Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeshaambiwa habari ya manyoya, mdogo wangu. Dakika tano hazikuwa zimepita tangu niambiwe. Nilidhani ni visingizio vyenu. Hasira hasara, ndivyo tulivyofundishwa, ila hasara yenyewe nusura imfike mtoto wa watu ambaye hata uzito wa mkate hajafikia. Usiku wala mchana simtoi machoni. Sikuandikii nikijiona msafi.

Jana ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda kwa mama yule. Anaishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya magurudumu, na nilimkuta anapiga deki kibaraza cha jirani yake, nadhani kwa mazoea tu. Hakunikaripia. Nilimuuliza kwa nini hakusema kuwa aliniingiza. Akafyonya kidogo, akakamua tambara lake, akasema: "Nilijua ni wewe, na mdogo wako alijua ni wewe. Nikadhani atasema yeye, maana ni damu yake. Mimi nikisema, nitakuwa nimemchongea mkubwa wangu."

Nilirudi nyumbani nikiyatafuna maneno hayo, na nilipofika nilikuwa nimeshayakubali. Ulijua. Kofia ile ilikuwa ya kijani, na katonini hakuna ya kijani hata moja. Uzi wake ulitoka kwenye sweta lako la shule, lile ulilonipa mwenyewe nilifumue, lenye kiwiko alichokitia kiraka mama kwa uzi wa kijivu. Nilifuma na kijivu chake, mistari miwili ukingoni, nikitarajia utakiona ufurahi. Ulikiona. Ulilivaa sweta lile miaka minne, hakuna mtu duniani angeujua uzi ule upesi kuliko wewe. Ndiyo maana Jumapili ile uliniambia nipumzike kufuma kwa sasa, na nisikanyage hospitali mpaka mambo yapoe. Nilidhani unanihurumia presha.

Najua utasema ulinilinda. Damu ni nzito kuliko maji, najua. Lakini mimi sikukuomba unilinde kwa kumtoa mtu mwingine kafara. Na tuseme ukweli wote: ningetajwa mimi, ingetajwa katoni, na ingetajwa katoni, ungeulizwa kwa nini dada yako alikuwa na sababu ya kukasirika. Uliona wepesi kumtwisha asiye na ndugu ofisini. Mimi nilikosa kwa dakika moja ya hasira na nitaubeba mzigo wangu. Wewe umekosa kila siku tangu Jumatano ile, kwa utulivu, ukiwa umevaa joho jeupe. Nakupenda, na kwa sasa sina hamu ya kukuona.

Barazani nimeshasema yote. Fundi alikunja midomo akaendelea kukanyaga cherehani. Breki aliuliza kitu kimoja tu, kama kweli hakuna mtoto aliyevaa hata moja. Nikamjibu alivaa mmoja, kwa dakika chache, na haikupaswa. Akasimama, akaenda mpaka barabarani, akarudi. Kisha akauliza uzi wa pamba unafumwa kwa sindano namba ngapi.

Msalimie shemeji sana. Watoto wabusu, waambie shangazi hawana ila mama mkubwa wanaye, na anawakumbuka. Mgongo wako ukandwe kwa maji ya moto, usiupuuze, na usinyanyue ndoo.

Ndoo nimezitaja kwa sababu wodi yako haina wa kuzinyanyua mpaka Jumatatu. Usinipigie kunizuia, umechelewa. Kabla ya kukuandikia wewe niliandika ukurasa mmoja kwa matroni, mkubwa wa wauguzi wenu wote, na asubuhi hii nimeupeleka kwa mkono wangu. Aliusoma amesimama. Akaniuliza kama naelewa kuwa jina lako limo ndani yake. Nikamwambia ndiyo, la kwangu liko juu na la kwako liko chini yake, kama tulivyozaliwa.

Ni mimi,
dada yako