Nywele za Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Novemba
Sokoni mboga za sukuma zimeisha mapema. Za managu bado. Nimeuza huku nikihubiri habari za binti yangu Linet, kama kawaida. Kila mteja ameambiwa. Mwanangu ndiye atamfunga nywele Doreen, bibi harusi wa Jumamosi, na si kwa uzi wala pini. Anakusanya nywele zote kisogoni, anazizungusha, anachomeka uma wa mbao wenye meno mawili, kwisha. Zinakaa. Ukiruka zinakaa. Hapa Kangemi nzima hakuna mwingine anayejua hiyo kazi. Nimesema hata Kilimani kwa matajiri hakuna. Kilimani sina uhakika.

Jumatano, 5 Novemba
Mama Doreen amenipigia. Ndiye mwenyekiti wetu wa kina mama kanisani, anakaa kwenye gorofa Kileleshwa. Ameuliza kama Linet anaweza kuongeza pini chache, ili yeye mama mtu atulie roho tu. Nikajibu bila kumuuliza Linet: pini ni za wasiojua kazi. Linet akanikodolea macho. "Mama, si ungeniachia niongee?" Nikacheka. Anaogopa bure. Akiifanya hii vizuri, mwenye saluni anakofanya kazi atampa maharusi wote. Aache kuosha vichwa tu. Nani alizaa mtoto kama huyu? Mimi.

Ijumaa, 7 Novemba
Linet amemwosha Doreen nywele leo, kwao Kileleshwa. Za dawa, laini, zinafika mgongoni. Zake mwenyewe, si za kununua. Amemwambia asipake kitu chochote mpaka kesho, nywele kavu ndizo zinashika uma. Nilisikia. Nilikuwa nimekaa hapo nakunywa chai yao.
Nimepiga kitenge changu pasi mara mbili.

Jumamosi, 8 Novemba
Sitaki kuandika. Naandika.
Asubuhi Linet alishuka chini kupokea maua. Nikabaki na Doreen chumbani. Kichwa kikavu, kimepauka, na mpiga picha yuko mlangoni. Kwetu mtoto hatoki nyumbani bila mafuta. Akipauka wanasema hana mama. Nikatoa mkebe wangu kwenye mkoba, mafuta ya mgando, nikampaka kutoka utosini hadi kwenye ncha. Akang'aa. Akasema asante mama. Linet aliporudi muda ulikuwa umeenda, dereva anapiga honi. Akafunga. Doreen alipendeza, Mungu wangu. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.
Madhabahuni pasta akasema tuinamishe vichwa tuombe. Uma ukateleza. Ukagonga vigae, kanisa lote likasikia. Nywele zikamwagika usoni, shela ikafuata. Mtu nyuma akacheka. Video inaendelea. Shangazi yake akatoa raba iliyofunga karatasi za nyimbo, akamfunga kama mtoto wa nasari. Doreen alikula kiapo huku analia, na si kwa furaha.
Nje, Mama Doreen akamwambia mwanangu mbele ya watu, "Linet, hata pini mbili tu zilikushinda?"
Linet akasema, "Nisamehe, mama."
Mimi nikaangalia viatu vyangu. Mimi mwenye mdomo.

Jumapili, 9 Novemba
Sikuenda kanisani. Nimemwambia Linet ni mgongo. Mgongo hauna kitu.

Jumanne, 11 Novemba
Video imezunguka kwenye simu za watu. Mwenye saluni amemrudisha Linet kwenye beseni, aoshe vichwa tu. Kuna bibi harusi wa Kilimani aliyekuwa aje kwa Linet Desemba, naye ameghairi. Sokoni mama muuza nyanya akaniita, "Mama Linet! Leo hutangazi?" Nikajifanya napanga managu. Najichukia.

Jumatano, 12 Novemba
Jioni nikajaribu kumwambia. Nikaanza, Linet, zile nywele za Doreen... Hakuniacha nimalize.
"Najua, mama. Niliyasikia mafuta mkononi. Zilikuwa zinateleza kama kambare."
Nikamuuliza mbona hakusema.
"Niseme mbele ya watu ni mama yangu?"
Akaendelea kuchambua mchele. Afadhali angenipigia kelele. Nimelia chooni, choo cha ploti, tunachotumia wapangaji wote, mpaka jirani akagonga nitoke.

Alhamisi, 13 Novemba
Kina mama wa kanisa tulikutana kwa Mama Doreen. Wakati wa ushuhuda mmoja akachokoza, "Haya Mama Linet, binti amefanya nini tena?" Wakacheka. Nikasimama. Nikasema mafuta yalikuwa yangu. Linet alikataza, nikasikia, nikapaka. Pini pia ni mimi nilizikataa, yeye hakuulizwa. Mwanangu hana kosa.
Hakuna aliyesema amina.
Mama Doreen akaweka kikombe chake mezani. "Ungeniambia siku ile." Kweli. Kisha akachukua simu, akampigia mwenye saluni hapo hapo mbele yetu. Sauti kavu. Alieleza yote, na jina langu akalitaja. Baada ya hapo hakuniangalia tena, hata wakati wa kuagana.
Nimetembea mpaka nyumbani. Nilitaka kuchoka.

Jumapili, 16 Novemba
Kanisani nilikaa nyuma. Linet alikuja akakaa karibu nami. Akanisogezea kitabu cha nyimbo.

Jumamosi, 22 Novemba
Mvua asubuhi, biashara kidogo. Mchana mwanamke mmoja amekuja hapa ploti. Dada yake anaolewa mwezi ujao. Linet alikuwa ndani, anakunja nguo. Nilikuwa mlangoni, kwa hiyo akaniuliza mimi kwanza kama huyu binti kweli anaijua kazi ya kufunga nywele kwa uma. Maneno yalinijaa mdomoni.
Nikamwambia, yuko ndani, muulize mwenyewe.
Nikachukua ndoo, nikaenda kupanga foleni ya maji.