Hatamu za Farasi wa Kijivu

Ijumaa, 1 Machi

Nyumba nzima inanuka mafuta. Mama amekaanga maandazi ya marehemu kama kila Ijumaa, akakaa mkekani, akawaombea dua mmoja mmoja: baba, babu, bibi, na wale wanawe wawili waliomfia wachanga. Kaka Tokto, aliyepanda mlimani asirudi, hakumtaja. Hajawahi kumtaja. Kwa mama, Tokto hakufa. Yuko mahali.

Ndipo Melis akaingia na habari yake. Riwaya yake imegeuzwa opera! Hapa hapa Bishkek, okestra nzima, onyesho la kwanza tarehe kumi na sita. Mdogo wangu kafura kwa furaha hadi kola haifungi.

Mama akauliza, "Ni ile ya kijana aliyepotelea kwenye theluji?"

"Hiyo hiyo, mama."

"Na mwisho bado anakufa?"

Melis akacheka. Mimi sikucheka. Riwaya ile nilimsomea mama mimi mwenyewe, na karibu na mwisho akanifunga mdomo: hayo ya mbele kayatunga Melis, si ya Tokto. Leo kasema atakwenda.

Jumatatu, 4 Machi

Perizat amekuja. Nilimfundisha kuimba tangu hajang'oa meno ya utotoni, sasa ndiye mama wa kwenye opera. Sehemu ya tatu yote ni yake: anamlilia mwanawe, wimbo wa kilio kama wanavyolia wanawake wetu. Lakini binti hana raha. Chai imempoa mkononi.

"Mwalimu, wamebadilisha jina."

Kwenye kitabu kijana anaitwa Erkinbek. Mtunzi wa muziki akalalamika kwamba jina hilo linafunga mdomo, noti ya juu haishikiki. Akamwomba Melis jina linaloishia wazi. Melis akampa Tokto.

Tokto! Jina la kaka yetu! Mama alilichagua baada ya kuzika wawili, maana yake akae, asiende kama wenzake.

Perizat anasema nyanya yake amemkatalia kabisa. Kilio hakiimbwi pasipo maiti. Ukimlilia mtu aliye hai kwa jina lake, umemzika. Nikamwambia jukwaani ni mchezo tu, mwanangu. Nilisema hivyo huku mwenyewe siamini. Tena wanamtaka alie akiwatazama watu! Nikamwambia, waambie hao, kwetu mwenye kilio hugeukia ukuta, watu wanaona mgongo. Angalau hilo walifanye sawa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Melis kaleta maua, mikono imejaa. Nikambana jikoni.

"Jina umelitoa la nini?"

"Dada, wewe mwalimu wa muziki mzima, hujui sauti inahitaji mdomo wazi?"

"Mama atakuwa pale!"

"Nani husikia maneno kwenye opera? Watu wanasikia sauti. Mama atasinzia sehemu ya kwanza, utaona."

Akala andazi moja la mama, la moto, akijipuliza vidole. Ni yale ya marehemu. Amemwekea mama kiti kwenye kile kibanda cha wageni wa heshima, ghorofani. Mama kafurahi kama bibi harusi.

Jumanne, 12 Machi

Perizat kapiga simu. Leo wamefanya mazoezi ya sehemu ya pili, ambayo hayumo, akakaa kutazama. Anasema ni mpya, kitabuni haimo. Melis mwenyewe aliwaletea kurasa ambazo hakuwahi kuzichapisha. Ndugu wawili wako juu mlimani. Wanagombana. Mkubwa anateleza, theluji inamfunika. Mdogo anasikia akiitwa kutoka chini — na hasogei. Anasimama tu! Mpaka sauti inakatika. Halafu anafunga hatamu za farasi kwenye tandiko, asije akajikwaa njiani, anampiga kofi, farasi anarudi nyumbani peke yake. Yeye anashukia upande wa pili, upande wa mjini.

"Tulilia wote, mwalimu. Mwalimu? Upo?"

Nipo. Nilikuwa nimekaa chini sakafuni.

Naandika hili nilione kwa macho. Miaka hiyo, asubuhi ile farasi wa kijivu aliporudi peke yake, uani tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Hatamu zilikuwa zimefungwa kwenye tandiko, vizuri, kwa fundo. Mama akazifungua kabla majirani hawajatoka, akaniapisha kwa msahafu: nisimwambie mtu. Watu wangejua, wangesema Tokto kamtoroka mkewe. Tangu siku ile mama anaishi kwa zile hatamu. Maiti hafungi hatamu, huniambia. Alishuka mwenyewe. Atarudi akichoka.

Melis alikuja baadaye, kutoka mjini, kwenye masomo. Ndivyo alivyosema. Hatukumwambia. Hakuna aliyemwambia.

Mtume! Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwendea kwake. Alikuwa mbele ya kioo anafunga tai, watu wa televisheni wanamngoja.

"Hatamu umezitoa wapi?"

"Hatamu zipi?"

"Zilizofungwa, Melis."

Tai ikamshinda. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Akasema mwandishi hubuni, dada, ndiyo kazi yake. Halafu, bila kunitazama:

"Nani mwingine anajua?"

Hakuuliza najua nini! Aliuliza nani mwingine.

Nikamwambia, opera hiyo iondoe. Akasema haiondoki, tiketi zimekwisha. Kisha akasema taratibu, kama anaongea na kioo, kwamba amechoka, kwamba kwenye kitabu alishindwa kuiandika ile sehemu, mkono ulikataa, ila kwa muziki itapita na hakuna atakayejua. "Nataka ipite mbele yake mara moja tu, dada. Basi."

Mbele ya mama! Ajisafishe mbele ya mama naye mama asijue kasafishiwa nini! Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumshika kichwa, kama alipokuwa mtoto. Sikufanya lolote. Nikaondoka.

Ijumaa, 15 Machi

Nimejaribu kila hila. Presha yako, mama. "Presha yangu naijua." Kuna barafu nje, mama. "Nimezaliwa kwenye barafu." Ni ndefu, utachoka. "Nitakaa. Si wao ndio wanaosimama?" Anapiga pasi kitambaa cheupe cha kichwani huku ananijibu.

Halafu akaweka pasi chini.

"Batma. Wiki nzima unanikataza karamu ya mwanangu. Mtu hakatazi bila sababu. Haya, sema sababu."

Niseme nini? Nikisema neno moja nimemnyang'anya wanawe wote wawili kwa mpigo. Abaki na nani? Na mimi, na haya makelele yangu?

"Sina sababu, mama."

Akakikunja kitambaa. Kisha akaenda kukaanga maandazi yake. Dua ikasomwa. Baba, babu, bibi, wachanga wawili. Tokto hakutajwa. Nikaitikia amina, nikajionea aibu.

Jumamosi, 16 Machi — jumba la opera, mapumziko kabla ya sehemu ya tatu

Naandika hapa koridoni, daftari gotini. Mkono usipofanya kazi nitapiga kelele.

Mama hakusinzia. Hata kidogo! Sehemu ya kwanza alikaa wima, mikono kwenye ukingo, Melis upande mmoja na mimi upande wa pili. Watu wa chini wakawa wanatupungia. Jina lilipoimbwa mara ya kwanza, "Tokto-o-o," mama akatikisa kichwa tu, akamwambia Melis, "Umempa jina la kaka yako. Vizuri, akisikia huko aliko atarudi." Melis akasema ndiyo, mama. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Sehemu ya pili. Mlima wa vitambaa vyeupe. Ndugu wawili na farasi wa kweli, wa kijivu — sijui nani kawaambia rangi! Wanagombana. Mkubwa akatoweka chini. Sauti yake ikaita kutoka chini ya jukwaa, ikaita, ikaita, okestra yote ikakaa kimya ili tuisikie vizuri. Na yule mdogo amesimama. Mama akawa anamwambia kwa sauti, kama jirani anayevuka barabara vibaya: "Nenda! Nenda, we mtoto! Mpe mkono!" Watu wakageuka, wakacheka kidogo.

Yule mdogo akamwendea farasi. Akazishika hatamu. Akazifunga kwenye tandiko, kwa fundo.

Mama akanyamaza.

Akanishika mkono, akauliza bila kunitazama, "Ulimwambia?" Nikasema sikumwambia, wallahi sikumwambia mtu. Akasema, "Najua." Akauachia mkono wangu. Ndipo akamgeukia Melis. Hakumwuliza kitu. Alimtazama tu, uso wote, kama anamtafuta mtu kwenye kundi la watu. Melis akaanza, "Mama, ile ni..." akashindwa kumaliza. Taa zikawaka. Watu wakapiga makofi, wakasimama, wakamwita mwandishi. Hakuinuka.

Mama akavua kile kitambaa cheupe alichokipiga pasi, akakikunja, akanipa. Nywele zake sijawahi kuziona mbele za watu.

"Batma, nigeuzie kiti."

"Kitazame wapi, mama?"

"Ukutani."

Nikakigeuza. Mungu nisamehe, nilikigeuza! Nikadhani, haya, leo hatimaye anamlilia Tokto, amwage, apumzike, miaka yote hii. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Nikataka kukaa naye. Akasema, "Toka. Niache na mwanangu." Melis akanitazama kama alivyonitazama akiwa mdogo, mbwa wakibweka nje. Nikatoka. Nikaufunga mlango.

Kitambaa kiko mapajani, bado kina joto la kichwa chake. Kengele imelia mara moja. Watu wanarudi na aiskrimu zao. Perizat amepita na gauni jeusi la jukwaani, akaninong'oneza, "Mwalimu, wamekubali nigeukie ukuta," akakimbia.

Kengele ya pili.

Kuna anayeimba. Okestra haijaanza, hata taa hazijazimwa. Si Perizat, sauti hii imepasuka, ya zamani, inatoka nyuma ya mlango huu. Watu wamesimama na aiskrimu mikononi. Ni kilio. Anakiimba kwa utaratibu wake wote, mstari wa kwanza, wa pili, sasa jina.

Si Tokto. Amesema Melis, niliyemwacha naye humo ndani yu hai. Amerudia tena, Melis, Melis wangu niliyemzaa, na ndani hakuna mtu anayemjibu.