Mama Neema Ametuma Makala Yake

Jumamosi, alasiri. Joto la Shinyanga leo halina huruma hata kidogo, lakini nimerudi nyumbani kwenye bajaji nikiimba mwenyewe, mpaka dereva akaniuliza kama nimetoka harusini.

Nimetoka kwenye kikundi chetu cha kuandika.

Sisi ni walimu wa chuo. Jumamosi asubuhi tunakutana chumba cha nyuma cha maktaba, kila mtu na makala inayomsumbua. Tunaandika kimya, kisha mmoja anasoma kwa sauti na wengine tunamwambia tulichoelewa. Ndiyo hivyo tu. Chai ipo, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika.

Mama Neema anafundisha maendeleo ya jamii. Alifanya utafiti Geita, kwa wanawake wanaochambua magwangala, yale mawe ya mabaki yanayotoka migodini, wakitafuta dhahabu iliyosalia. Majarida mawili yalimkatalia. Akaninong'oneza kwamba akikwama tena anaachana na utafiti, abaki kufundisha tu.

Kwa hiyo mwezi uliopita zamu yake ilipofika, mimi ndiye niliyekuwa na hofu zaidi.

Alisoma kurasa za Kiingereza kizito. Alipomaliza, Daktari Masanja wa kilimo, mtu mwema asiyejua kuzungusha maneno, akasema, "Mama Neema, nimewasikia wataalamu uliowasoma. Akina mama wenyewe sijawasikia."

Mama Neema akafunga kompyuta yake. Nilidhani anaondoka. Nakiri, nilimkasirikia Masanja.

Lakini Masanja akamsogezea kikombe cha chai. "Hebu tusimulie kwa Kiswahili. Ulipofika ulikuta nini?"

Akaanza polepole. Lori likishamwaga mawe, vumbi halijatulia, wanawake wameshagawana sehemu. Aliyejifungua juzi anatengewa sehemu yake hata kama yuko nyumbani, na hakuna anayeigusa. Hakuna aliyewaandikia sheria hiyo. Tulisahau kunywa chai.

"Hilo la mzazi liko ukurasa gani?" nikamuuliza.

"Halipo, Mama Kulwa. Niliona si la kitaalamu."

"Ndiyo makala yenyewe hiyo," akasema Masanja. "Kiingereza chake tutakitafuta pamoja."

Na kweli tulikitafuta, Jumamosi baada ya Jumamosi. Siku moja tulibishania neno moja mpaka mkutubi akaja kutunyamazisha. Tulicheka kama wanafunzi.

Leo ameituma.

Tulisimama nyuma ya kiti chake wote. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. "Wakikataa tena?"

"Tutakaa tena hapahapa," nikamjibu.

Akabonyeza. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge na kuuliza zamu inayofuata ni ya nani.

Masanja akakohoa. Akatoa karatasi zake, akaanza kusoma kwa sauti ndogo mno. Masanja huyohuyo! Mama Neema akabeba kiti chake, akaenda kukaa kando yake, akamwambia, "Soma taratibu, Daktari. Hatuna haraka."

Sijui jarida litasema nini. Leo hilo halininyimi raha. Kesho kuna ibada na nguo za kufua, Jumatatu vipindi vinanisubiri, na Jumamosi ijayo naingoja kama mtoto anavyoingoja sikukuu.