Kompyuta Uliyoiacha Vipande Vipande

Mwavita, rafiki yangu,

Nimeiunga mwenyewe. Usicheke. Najua tulikubaliana tangu chuoni kwamba bisibisi ni yako na kibodi ni yangu, wewe utaunga mashine na mimi nitachapa, na hakuna kuingiliana kazi. Lakini uliondoka kwenda Kapalamsenga, kule ziwani, kumsalimia mama yako wiki mbili, ukaacha kila kitu kwenye maboksi yake chini ya meza, ukaniambia, "Spe, usiguse mpaka nirudi." Sikugusa. Miezi minne nilifagia nikiyazunguka.

Chumba chetu cha Ilembo bado ninacho. Yule fundi cherehani wa jirani amehama, sasa kuna saluni, muziki kutwa. Ugali wa watu wawili nimeacha kuupika juzi juzi tu. Mkono ulikuwa unapima wenyewe, nikishtuka sufuria imejaa, na nusu inakwenda kwa kuku wa mwenye nyumba. Kuku wake wamenenepa kwa sababu yako.

Sijawahi kukusimulia ile siku. Nilikuwa nafua. Simu ikalia, nikaona jina lako, nikapokea nikicheka: "Wewe mvivu, hurudi kazini?" Ikajibu sauti ya mama yako. Homa ya siku nne, akasema, na jana yake ulikuwa umeomba uji ukanywa. Nilikimbilia gari la Karema na fulana yenye povu. Mvua ilikuwa imeharibu njia, tukakwama, tukalala porini kwenye gari. Nilipofika ulikuwa umeshazikwa tangu jana yake alasiri. Nilikaa mkekani na mama yako siku tatu, mimi mtoto wa Katumba, Mkristo nisiyejua hata wapi pa kuitikia dua, na hakuna aliyeniuliza nafanya nini pale. Mama yako alikuwa ameshika kidole changu kimoja tu, hiki cha mwisho, hakukiachia.

Sasa sikiliza yaliyotokea wiki iliyopita.

Jumatatu asubuhi walikuja wanawake watatu wa Sitalike, wa kile kikundi cha nyuki. Mwaka jana walipita hapa ukawaahidi kwamba siku wakimaliza kuandika katiba ya kikundi chao, sisi ndio tutaichapa. Basi wamemaliza. Mwenyekiti wao, Mama Shukuru, akaniwekea daftari mezani, limeandikwa kwa hati tatu tofauti, lina alama za vidole vya asali. Akasema Ijumaa mchana ndiyo mwisho wa kupeleka maombi ya usajili, na wakikosa wanasubiri mwaka mwingine. Nikaitika, "Ijumaa asubuhi mtaikuta tayari." Mwavita, sikuwa na mashine. Ile kompyuta ya kuazima niliyokuwa nachapia, mwenyewe alikuwa ameshaichukua. Nilikuwa na maboksi yako tu na mdomo wangu.

Walipotoka nikavuta maboksi. Nilifungua daftari lako la chuo, lile lenye mishale kila mahali, nikafuata hatua kwa hatua. Nikafunga mazabodi, lile bamba kuu linalobeba vyote, ndani ya kasha, nikaweka prosesa na feni yake, nikachomeka ramu ya kumbukumbu, nikapanga nyaya. Saa tisa hivi nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ya buluu ikawaka. Moja, mbili, tatu. Ikazima.

Nikabonyeza tena. Moja, mbili, tatu. Kimya.

Nilifanya yote niliyowahi kukuona ukiyafanya. Nilichomoa ramu nikaisugua kwa ufutio. Nilikwenda kuchomeka kwenye soketi ya saluni nikidhani umeme wetu ni mdogo. Niliikandamiza feni ya prosesa nione kama imekaa sawa. Nilichomoa kila waya nikaurudisha, tochi nimeing'ata kwa meno maana hakuna wa kunishikia. Kila mara ilinipa matumaini ya sekunde tatu, halafu inaninyang'anya. Mara moja, namaanisha hivi ninavyosema, niligeuza shingo kukuuliza. Kiti chako kilikuwa na kanga yangu juu yake.

Jumanne nikaipakia kwenye bodaboda, nikaikumbatia mpaka mjini kwa fundi mmoja, baba wa makamo mwenye sifa zake. Akabonyeza mara mbili, hata kasha hakufungua. "Dada, mazabodi imekufa hii," akasema. "Niachie hivi vipuri vyote nikupe laptop iliyotumika, nzima kabisa, uchape kazi zako leo leo." Wala hakuwa mtu mbaya. Laptop niliiona, inawaka. Na katiba ya watu ilikuwa inanisubiri. Ila lile neno, imekufa, alilisema kirahisi mno, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Nikamwambia nitarudi kesho, nikaikumbatia tena mpaka nyumbani.

Asubuhi yake nilikuwa nimeshavaa viatu niende kumkabidhi. Nikakaa kitandani, nikachukua simu, nikapiga namba yako.

Sijui nilitegemea nini. Ikaita mara tatu, ikapokelewa. "Spe, mwanangu," mama yako akasema, kama tuliongea jana. Simu yako anaipeleka kuchaji kila siku mbili kwa jirani mwenye sola. Hajaniambia kwa nini, nami sikuuliza. Akauliza nakula? Nikasema nakula. Akauliza, "Na ile kompyuta yenu?" Basi nikamweleza. Nikamweleza yote, sekunde tatu, tochi, fundi, nikilia kwa mama wa watu ambaye hajawahi hata kushika mausi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kumbe ni kama redio yangu."

Sikuelewa. Akasema, "Mwenzio hakukwambia? Siku moja kabla ya homa kumshika alihangaika nayo kutwa. Ikiwa ndani ya boksi lake, inakoroma inanyamaza. Akaitoa utumbo wote akaulaza mkekani, ikaimba. Akaniambia, mama, redio yako nzima, nyumba yake ndiyo mbovu, nitakutafutia nyingine. Basi mpaka leo inaimba hivyo hivyo, utumbo nje. Nimekataza mtu asiiguse."

Na kweli, nyuma yake niliisikia. Mtangazaji alikuwa anasoma salamu za wasikilizaji. Tulisikiliza wote wawili majina ya watu tusiowajua, wakisalimiana.

Nilipokata simu nilivua viatu. Nikaitoa mashine yako ndani ya kasha, kila kitu, nikaipanga mezani juu ya boksi la karatasi, kama ile redio. Kitufe kikiwa kwenye kasha huko, nikagusanisha vile vijiti viwili vya kuwashia kwenye mazabodi kwa ncha ya bisibisi kama ulivyochora daftarini. Feni ikazunguka. Moja, mbili, tatu. Nne. Tano. Nilihesabu mpaka sitini, nikaogopa kuacha kuhesabu.

Haikuwa imekufa, Mwavita.

Nikaingiza kichwa ndani ya kasha tupu. Vile vinguzo vidogo vya shaba vinavyoinua mazabodi isiguse bati, nilivifunga vyote tisa kwa sababu vilikuja tisa. Mazabodi yetu ni ndogo, ina matundu sita. Kimoja kati ya vile vitatu vya ziada kilikuwa kinaigusa kwa nyuma, kimeacha hadi mkwaruzo. Umeme ulikuwa unapata njia ya mkato kwenye bati, na mashine inajizima isiungue. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, na lilikuwa dogo kama punje ya hindi. Nikavitoa vile vitatu, nikaunga upya, nikabonyeza.

Ikakaa. Maandishi yakapanda kwenye skrini.

Nilipiga kelele mpaka dada wa saluni akaja mlangoni na kitana mkononi. "Kuna nini?" Nikamwambia, "Imewaka!" Akauliza, "Nini?" Nikasema, "Kompyuta." Akaangalia, akasema, "Aa, hongera," akarudi kwa mteja wake. Hakukosea. Yeye angejuaje? Nikakaa chini kwenye sakafu, mashine inaunguruma vizuri juu yangu, na sijawahi kukukosa hivyo, hata kule mkekani. Kule tulikuwa wengi.

Ndipo nikampigia tena mama yako. Hakuelewa habari za vinguzo, lakini alipiga kigelegele kimoja kirefu, peke yake, kule ziwani.

Alhamisi nilichapa kutwa nzima. Katiba yao ina vifungu thelathini na viwili, na kimoja kinasema mwanachama akifiwa wenzake hawatakwenda mizingani wiki nzima. Nilikichapa taratibu.

Ijumaa walikuja mapema. Mama Shukuru akazipapasa zile kurasa kama kitambaa kipya, akatazama huku na huku, akauliza, "Na yule mwenzio mweusi, mcheshi, leo yuko wapi?"

Lazima nikiri kitu kwako. Kila mteja aliyeniuliza hivyo miezi yote hii nilimjibu umesafiri, umekwenda kumsalimia mama. Si uongo, si ndivyo ulivyoniaga? Wengine walikuachia na salamu, nikazipokea.

Nikafungua mdomo niseme hivyo hivyo. Nikasema, "Alifariki, mama. Tumeshamzika."

Mama Shukuru akaziweka karatasi chini. Hakusema pole. Aliniuliza jina lako, nikamtajia. Wakasimama wote watatu hapo kati ya meza na mlango, yeye akaomba kwa Kipimbwe, lugha yao, sala ndefu, muziki wa saluni ukiendelea. Sikuelewa neno hata moja, ila Mwavita. Alilitaja mara nne.

Ndiyo hayo. Nimejiandikisha chuoni masomo ya jioni, ya ufundi, si ya kuchapa. Nakuahidi nitaijua kazi yako vizuri, siyo ya kubahatisha kama hii. Na nikiulizwa uko wapi, nitasema ukweli, kisha nitawaambia ulikuwa mtu wa namna gani, maana hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nawanyima.

Lala salama, rafiki yangu. Mungu wako na wangu akulaze pema. Usinisubiri haraka, nina wateja.

Mwenzio,
Spesioza